Nyonga ya Chuma katika Nchi ya Kukaa Chini

Kipsing ni kituo kidogo katika wadi ya Oldonyiro, upande wa magharibi wa kaunti ya Isiolo, penye uwazi baina ya milima, na wenyeji wake aghalabu ni Wasamburu, pamoja na Waturkana, watu wa ng'ombe, mbuzi na ngamia, ambao mto wao ni laga: mvua ikinyesha milimani hujaa ghafula na kukata njia, na mvua ikikoma hubaki mchanga mtupu, ambao ndani yake watu huchimba visima ili wapate maji yao na ya mifugo yao. Mwenye kutaka kuandika tarikhi ya nyonga iliyovunjika katika nchi kama hiyo hana budi aanze, kabla ya kutaja daktari yeyote au chuma chochote, kwa kutazama namna watu wake wanavyokaa, wanavyoinama na wanavyoinuka; maana nyonga ya bandia, ambayo leo hutiwa ndani ya miili ya wazee wetu hospitalini, ilibuniwa na watu wa viti, ikapimwa kwa watu wa viti, na hatari yake kubwa ya miezi ya mwanzo, nayo ni kuteguka, huamka pale hasa mtu anapokaa kama wanavyokaa watu wa Kipsing.

Mama wa Kisamburu huijenga nyumba yake mwenyewe kwa fito, ngozi, udongo na samadi, akaifanya fupi, na mlango wake ukawa wa kuingiwa kwa kuinama mpaka kifua kikaribie magoti. Ndani yake hulala juu ya ngozi, hukaa karibu na moto huku magoti yakiwa juu kuliko kiuno, hukamua mbuzi akiwa ameinama, na akienda lagani huteremka katika kisima cha mchanga, akachota kwa kata, akampa aliye juu. Mzee naye hukaa juu ya kigoda kifupi, au juu ya ardhi yenyewe chini ya mgunga, akasikiliza shauri la wenzake kutwa nzima, kisha akainuka kwa kuegemea fimbo. Mambo haya yote hufanywa bila ya kufikiriwa, kwa kuwa nyonga ya kuzaliwa ina mfuko wa kano ulioizunguka, na misuli minene nyuma yake, na kichwa kikubwa kilichozama barabara katika kikombe chake, hata mtu akijikunja namna gani haitoki mahali pake.

Shingo ya fupa la paja, iliyo baina ya kichwa hicho na fupa lenyewe, ni nyembamba, na mtu akizeeka na mifupa yake ikapungua uzito huweza kukatika kwa kuanguka tu kutoka kimo cha kusimama. Tena mishipa ya damu inayolisha kichwa hupanda kwa njia ya shingo hiyo, basi shingo ikikatika na sehemu zake zikaachana, kichwa huweza kunyimwa damu kikafa. Sir Astley Cooper wa London, katika kitabu chake cha mwaka 1822 juu ya kuteguka na kuvunjika kwa viungo, alifundisha kuwa mfupa uliovunjika ndani ya mfuko wa nyonga si wa kutarajiwa kuungana kama ule uliovunjika nje ya mfuko, na madaktari wengine walibishana naye, lakini wagonjwa waliendelea kumsadikisha.

Wasamburu wana wajuzi wao wa kunyoosha na kufunga mifupa, kama walivyo nao ndugu zao Wamaasai, ambao habari za utabibu wao Moritz Merker, ofisa wa Kijerumani, aliziandika katika kitabu chake cha mwaka 1904. Na hapa pwani hali kadhalika, mganga wa viungo alikuwa na mabanzi yake, mafuta yake, na mkono uliozoea kupapasa mpaka ukajua ncha ya mfupa iko wapi. Elimu hiyo si ya kudharauliwa. Kwa mkono, kwa mundi, na hata kwa paja la mtoto, ambako banzi huweza kushika juu na chini ya palipovunjika, imewaponya watu wengi mno kabla ya eksirei kufika katika nchi hizi. Lakini shingo ya fupa la paja imejificha ndani ya nyama nene, wala hapana banzi liwezalo kuifunga, na kwa sababu hiyo ajuza aliyevunjika nyonga alilazwa juu ya ngozi yake, akanyweshwa maziwa na supu, akageuzwa na binti zake na wakaza wanawe, na mwisho wake ukawa mmoja katika miwili: ama alifishwa na vidonda vya kulala na homa ya mapafu, ama maumivu yalipungua baada ya miezi kadhaa, akainuka na mguu uliofupika na kugeukia nje, akatembea kwa fimbo mpaka siku yake ilipofika. Wala asidhani msomaji kuwa ajuza wa London au Paris wa zama hizo alikuwa na bahati iliyo njema zaidi, kwani naye alilazwa, na naye alikufa kitandani.

Kilichowatofautisha ni yaliyofuata. Serikali ya Kiingereza iliifunga nchi ya kaskazini: sheria ya mwaka 1902 juu ya wilaya za pembezoni iliwazuia watu kuingia na kutoka bila ya idhini, na sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 ikazidi kuwabana, mji wa Isiolo ukakua kama kituo cha utawala, cha askari, na cha karantini ya mifugo, ambako ng'ombe wa wafugaji walizuiwa na kukaguliwa wasije wakapeleka maradhi katika mashamba ya walowezi. Nayataja haya kwa uchungu, kwa kuwa nchi iliyofungwa namna hiyo, ambayo ng'ombe wake walihofiwa kuliko watu wake walivyotibiwa, haikuweza kupata chumba cha upasuaji wa mifupa katika miaka ile ile ambayo ilimu hiyo ilikuwa ikikua kwa kasi kwingineko. Uhuru ulipokuja ulikuja pamoja na vita vya Shifta, kuanzia mwaka 1963 mpaka 1967, na Isiolo ikawa ndani ya vita hivyo. Nafuu ilianza kuonekana kidogo kidogo: madaktari wa ndege walioanza kazi yao Afrika Mashariki mwaka 1957 chini ya Michael Wood na wenziwe, na hospitali ya Wamba, katika nchi ya Wasamburu, iliyojengwa na Kanisa Katoliki. Hata hivyo tiba ya fupa la paja katika hospitali za mbali ilibaki kwa muda mrefu kuwa ile ya kuvutwa kwa kamba na uzito ulioning'inizwa mwisho wa kitanda, kwa wiki nyingi, na mtu mzima wa makamo huweza kuistahimili, ila mzee wa miaka 80 humdhoofisha kama alivyodhoofika yule wa juu ya ngozi.

Katika miaka hiyo, mafundi wa ng'ambo walikuwa wameshaacha kuuliza namna ya kuuunga mfupa uliokufa, wakauliza namna ya kuweka kitu kingine mahali pake. Themistocles Gluck wa Berlin alieleza mnamo mwaka 1891 habari za viungo alivyovichonga kwa pembe za ndovu, wakati ambapo Unguja ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya pembe duniani na misafara ya bara ilikuwa bado ikishuka Bagamoyo. Lakini usaha uliviharibu viungo vyake vingi, kwa kuwa elimu ya kuzuia vijidudu ilikuwa changa. Marius Smith-Petersen wa Boston alitangaza mwaka 1931 msumari wake wenye mapezi matatu, uliopigiliwa katika shingo iliyovunjika ili iungane, na huo uliwaokoa wale ambao kichwa chao cha mfupa kilikuwa bado hai. Mwaka 1940 Austin Moore na Harold Bohlman, huko Marekani, walitia chuma mahali pa sehemu ya juu ya fupa la paja la mtu aliyekuwa na uvimbe, na baada ya mwaka 1950 Moore na Frederick Thompson, kila mmoja kwa namna yake, walitoa kichwa cha chuma chenye mkia mrefu wa kuingizwa katika uvungu wa fupa. Vichwa hivyo viwili ndivyo vilivyosafiri sana, vikafika katika hospitali za Serikali na za misheni za Afrika na Asia, kwa kuwa ni rahisi kwa bei na havihitaji kikombe kipya, na hata leo havijaondoka katika makabati ya hospitali zetu.

Hapa nataka kumtaja mtu mmoja ambaye vitabu vya madaktari humpitia kwa haraka, ilhali kwa maoni yangu ndiye aliyekaribia zaidi mushkili wa Kipsing. San Baw, daktari wa Burma aliyekuwa akifanya kazi Mandalay, alianza mwaka 1960 kuwatilia wagonjwa wake waliovunjika shingo ya fupa la paja vichwa vilivyochongwa kwa pembe za ndovu, kwa kuwa pembe zilikuwapo nchini mwake na chuma cha kununua ng'ambo kilikuwa ghali, na mwaka 1969 aliyapeleka matokeo yake mbele ya madaktari wa mifupa wa Uingereza mjini London. Aliwatilia watu zaidi ya 300 katika maisha yake ya kazi. Lakini lililo kubwa kwangu si ile pembe, bali ni kipimo alichokitumia katika kuhukumu kama mtu amepona: aliangalia kama anaweza kuchutama, kama anaweza kupanda baiskeli, kama kijana anaweza kurudi kucheza mpira. Yaani alimpima mgonjwa kwa maisha ya Mandalay, si kwa maisha ya London.

John Charnley, ambaye upasuaji wa nyonga nzima wa siku hizi humhesabu kuwa baba yake, alifanya kazi Wrightington katika jimbo la Lancashire, na mwezi wa Novemba mwaka 1962 alianza kutia kikombe cha plastiki ngumu ya polithini kwenye kiuno na kichwa cha chuma kwenye paja, vyote viwili vikishikwa kwa saruji maalumu. Kichwa chake alikifanya kidogo kwa makusudi, milimita 22 na kitu tu kwa upana, ili msuguano uwe hafifu na plastiki isilike upesi. Na katika hilo alifaulu, kwani nyonga zake zilidumu kwa miongo. Lakini kichwa kidogo hakisafiri mbali kabla hakijatoka katika kikombe. Paja likikunjwa sana na kugeuzwa ndani, shingo ya chuma hugonga ukingo wa mbele wa kikombe, na shingo ile ikawa ni mtaimbo unaokinyanyua kichwa kitoke kwa nyuma. Mgonjwa husikia maumivu ya ghafula, mguu ukafupika na kugeukia ndani, naye asiweze kuinuka. Daktari humpa nusukaputi akauvuta mguu mpaka kichwa kirudi, na mara nyingine hakirudi ila kwa kisu. Na iliyotoka mara moja huwa nyepesi kutoka mara ya pili.

Njia ya kuingilia nayo ina neno lake. Moore alipenda kuingia kwa nyuma, kwa kuikata misuli midogo inayoizungusha nyonga na kuupasua mfuko wa nyuma, na njia hiyo ni ya haraka, inaonyesha vizuri, na haiigusi misuli ya ubavuni ambayo mtu huitumia katika kutembea. Lakini huacha mlango upande ule ule ambao kichwa hutokea. Kevin Hardinge, pale pale Wrightington, alieleza mwaka 1982 njia ya kuingia ubavuni, ambayo hupunguza kuteguka, na badala yake huwaachia wengine mwendo wa kuchechemea. Taasisi ya Uingereza itoayo miongozo ya tiba ilishauri mwaka 2011 kuwa kwa mtu aliyevunjika nyonga akawekewa kichwa tu, njia ya ubavuni ifikiriwe kabla ya ile ya nyuma. Wale wanaoingia kwa nyuma nao wamejifunza kuushona mfuko na misuli kwa uangalifu wakati wa kufunga, na ushonaji huo umepunguza hatari sana.

Sasa, mtu anayebadilishwa nyonga kwa sababu ya ugonjwa wa baridi yabisi uliomla kwa miaka kumi, na mtu aliyevunjika jana, si sawasawa hata wakipewa chuma cha namna moja. Wa kwanza mfuko wake umekuwa mnene na mgumu, kiungo chake kilikuwa hakikunjiki tangu zamani, na mwili wake umesahau kuchutama. Wa pili mfuko wake ni laini, misuli yake imedhoofishwa na uzee, huenda akili yake imevurugika kwa maumivu na dawa, naye juzi tu alikuwa akiinama mlangoni mwake kama kawaida. Ndiyo maana nyonga nzima ya bandia huteguka zaidi kwa waliovunjika. Katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2019, chini ya uongozi wa Mohit Bhandari wa Kanada, wagonjwa 1,495 wa nchi 10, wote wenye umri wa miaka 50 au zaidi na waliokuwa wakitembea kabla ya kuvunjika, waligawanywa kwa kura: wengine wakatiwa nyonga nzima, wengine kichwa tu, na katika miezi 24 nyonga zilizolegea au kuteguka zilikuwa asilimia 4.7 kwa wale wa nyonga nzima, na asilimia 2.4 kwa wale wa kichwa tu. Tofauti hiyo ina sababu iliyo dhahiri, maana kichwa kinachowekwa peke yake hulingana na kile cha asili, kikubwa, kikajaa katika kikombe cha mtu mwenyewe.

Mtu huweza kusema, basi na watu wa Kipsing wote wapewe kichwa tu, mambo yakaisha. Lakini hayaishi, kwani kichwa cha chuma kinachosuguana na kikombe cha asili hukila gegedu lake kidogo kidogo, na anayetembea mwendo mrefu kila siku nyuma ya mbuzi hukila upesi kuliko anayetoka kitandani kwenda varandani. Kwa hiyo mama aliye na nguvu zake, mwenye miaka 65, ambaye miguu yake ndiyo riziki yake, ndiye anayestahili nyonga nzima kwa sababu ya mwendo wake, na ndiye anayehatarishwa nayo zaidi kwa sababu ya mkao wake. Fundo hili haliwezi kufunguliwa na takwimu za nchi ambazo mwendo mrefu na mkao wa chini havikutani katika mtu mmoja.

Wagonjwa waliopasuliwa kwa nyuma hupewa masharti: wasikunje nyonga kupita pembe ya digrii 90, wasikunje nne, wasigeuze mguu ndani, wasikae juu ya kiti kilicho chini ya magoti. Masharti haya ni ya wiki 6 mpaka 12 za mwanzo, wakati mfuko unapoota upya, na ndio wakati ambao nyonga nyingi zinazotoka hutoka. Yasome tena ukiwa na nyumba ya Kisamburu mbele ya macho, utaona kuwa yanamkataza mgonjwa kuingia nyumbani mwake, kukaa penye moto wake, kulala mahali pake, na kwenda choo cha shimo au porini. Katika mji wa Isiolo, ambako Waborana na Wasomali wengi ni Waislamu, yanagusa na sala, kwani kikao cha tahiyatu na kusujudu huikunja nyonga kupita kiasi hicho. Na hapo sharia yenyewe ilikwishatangulia kwa rehema, ikampa mgonjwa ruhusa ya kusali kwa kuketi, na akishindwa, kwa ubavu, na mashekhe hawana taabu katika jambo la kiti. Mila za wafugaji hazikuandikiwa ruhusa ya namna hiyo, lakini hazikosi akili wala huruma, na wazee wakielezwa sababu huipata njia.

Ng'ambo nako wamo waliotafuta njia. Gathorne Girdlestone wa Oxford alieleza upasuaji wa kukiondoa kichwa cha mfupa bila ya kuweka kitu, na katika Bara Hindi madaktari wengi waliutumia kwa miaka mingi, kwa sababu mtu aliyefanyiwa hivyo, ingawa mguu wake hufupika na huhitaji fimbo, huweza kuchutama na kukaa chini bila ya hofu, kwa kuwa hapana cha kuteguka. Naye Gilles Bousquet wa Saint-Étienne, Ufaransa, katikati ya miaka ya 1970, alibuni nyonga yenye vichwa viwili kimoja ndani ya kingine, kichwa kidogo cha chuma kikizunguka ndani ya kikubwa cha plastiki, na hicho nacho kikizunguka katika kikombe. Akapata pamoja msuguano hafifu wa Charnley na ukubwa wa asili. Kwa muda mrefu wenziwe nje ya Ufaransa hawakuitazama sana, na leo ndiyo hupendekezwa na wengi kwa wale wanaohofiwa kuteguka. Bei yake hupita ya kichwa cha Moore kwa mbali. Nami naona kwamba pale ambapo fedha haba za umma zitanunua chache tu, zinunuliwe kwa ajili ya watu wa kukaa chini kwanza.

Kuna waliosema zamani kuwa shauri hili la kuvunjika nyonga si la Waafrika. Louis Solomon alipochunguza hospitali za Johannesburg na kutangaza matokeo yake mwaka 1968, aliona kuvunjika kwa shingo ya fupa la paja ni nadra miongoni mwa Waafrika kuliko miongoni mwa Wazungu, na watu wakalishika neno hilo wakaliacha lizeeke bila ya kulipima tena, wakati watu wenyewe walikuwa wakizeeka. Wazee wa leo ni wengi kuliko wa mwaka 1968, hata kaskazini. Na kama wavunjikao wanavyofaa kuhesabiwa upya, ndivyo na vyuma vyao: Uswidi iliweka daftari la taifa la nyonga za bandia mwaka 1979, na Malawi, nchi masikini iliyoona mbali, ikaweka lake mwaka 2005, na daftari la namna hiyo ndilo linalomwonyesha daktari kama chuma alichokitia kinakaa au kinatoka.

Mgonjwa wa Kipsing hutoka zahanati hadi Isiolo kwa njia ya mchanga na mawe, akapelekwa mbele zaidi ikiwa panahitajika, na akirudi, laga ikiwa imejaa, hapana gari litakalomchukua tena kwa haraka nyonga ikiteguka. Kwa hiyo swali la daktari, kabla ya kuchagua chuma na njia ya kuingilia, liwe ni wapi mtu huyu atalala na atakaa juu ya nini. Na jawabu lake wanalo wanawake wa familia, ambao wafaa kuitwa hospitalini kabla ya upasuaji, si siku ya kuruhusiwa. Wao ndio waijengao nyumba, nao wanaweza kuuinua mlango kabla mama yao hajarudi, wakakiinua kitanda cha fito mpaka kipite magoti, na kumwagiza seremala wa Isiolo kiti kirefu chenye mikono na kingine chenye tundu cha choo, kwa gharama isiyofika hata kidogo ile ya kupasuliwa mara ya pili.